"Anko, Hii Ni Wachina Walijenga?"

Swali lilitoka kwa mpwa wangu wa miaka 8. Tulikuwa tumesimama mbele ya ukuta wa mawe uliomzidi kimo karibu mara tatu. Akainua shingo, akautazama mpaka juu, kisha akaniuliza: "Anko, hii ni Wachina walijenga?"

Dada yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Lakini usimlaumu mtoto. Tangu azaliwe, kila akiona tingatinga na barabara mpya, anaona pia Mchina amevaa kofia ngumu akielekeza kazi. Kwa hesabu yake, kitu kikubwa kikijengwa, lazima kuna mgeni aliyekuja kukijenga. Na nikisema ukweli, mimi nikiwa na umri wake ningeuliza swali hilohilo, ila ningesema Wazungu.

Hapo ndipo nilijua lazima niandike hii kitu.

Kwa wale hawajafika: tulikuwa Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, upande wa Nyatike. Ni kilima cha mteremko wa polepole, nyasi, vichaka vya miiba, na miti ya bondo, ile yenye matawi yanayosimama kama mikono na utomvu mweupe ambao Dani alitukataza kabisa kuugusa. Kati ya hiyo miti kuna kuta za mawe. Sio vifusi. Kuta zimesimama, na unaweza kuzizunguka kwa miguu na mtoto wako asubuhi moja bila mtu kulia kwamba amechoka.

Siku hizi kila mtu anapenda matembezi ya Jumamosi. Watu wa Nairobi wana Karura na Ngong. Watu wa Kisumu wanapeleka watoto Impala Sanctuary, pale kando ya ziwa, wanaona wanyama, wanashuka kula samaki, jioni wako nyumbani. Sisi wa Suna tukitaka kutoka na familia tunafanya nini? Tunachanga pesa mwaka mzima, tunakaa ndani ya basi karibu siku nzima, tunaenda kupiga picha Nairobi. Au hatuendi popote.

Shule yangu ya msingi, ambayo sitaitaja, ilitupeleka Mombasa mara moja. Tulisimama Fort Jesus kwenye jua, mwalimu akatusomea: Wareno walianza kuijenga 1593. Nilinakili kwenye daftari na mpaka leo sijasahau huo mwaka. Sina ubaya na Fort Jesus. Lakini hakuna mtu aliyetuambia kwamba katika karne hiyohiyo, kwa makadirio ya wataalamu, kulikuwa na watu huku kwetu wakipanga mawe kuzunguka nyumba zao, na kwamba kazi yao bado imesimama. Tulipita mlangoni kwetu tukaenda kuona mlango wa Mreno.

Sasa wacha nikupeleke kama nilivyompeleka mpwa wangu, hatua kwa hatua.

Kwanza jina. Kwa Dholuo, ohinga ni boma kubwa lenye ukuta, na zikiwa nyingi ni ohingni. Thimlich inaelezwa kama msitu mnene wa kutisha. Kuna maboma manne makuu pale: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kama unajua Dholuo umeshaelewa: Kochieng ni kwa Ochieng, Koketch ni kwa Oketch, Koluoch ni kwa Oluoch. Yaani ukitembea kutoka boma moja hadi lingine, ni kama unatoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Mpwa wangu alipoelewa hilo aliacha kuniuliza kuhusu Wachina, akaanza kuuliza Ochieng alikuwa analala wapi.

Kochieng ndilo boma kubwa zaidi. Kuta zake na za wenzake zina urefu wa kutoka mita 1.5 mpaka mita 4.5, na unene wa mita 1 mpaka 3. Hiyo ya mita 4.5 ni zaidi ya milango miwili ya nyumba yenu ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine. Na hakuna simiti. Hakuna udongo wa kugandisha. Hakuna hata jiwe lililochongwa likawa mraba kama matofali. Ni mawe ya pale pale kilimani, ya kila umbo.

"Sasa kwa nini haianguki?" Hilo lilikuwa swali la pili, na ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia watu wazima wakiuliza.

Haianguki kwa sababu waliojenga walijua kazi. Angalia ukuta kutoka pembeni, mahali ambapo umekatika kidogo. Utaona kama kuta tatu ndani ya moja. Kuna safu ya nje, kuna safu ya ndani, na katikati kumejazwa mawe madogo yanayoshikanisha hizo mbili. Jiwe kubwa linakalia mengine, dogo linaingia kwenye pengo, na uzito wenyewe ndio unakuwa gundi. Pale ambapo ukuta ulihitaji nguvu zaidi, waliegemeza mawe mengine kama mguu wa kuuzuia. Nilimwonyesha mpwa wangu kwa vidole vyangu na vyake, tukavisokotanisha, nikamwambia avute. Akavuta, havikutoka. Akaelewa.

Halafu kuna milango. Milango ya Thimlich ni mifupi na myembamba, na juu yake kuna mawe marefu yaliyolazwa. Watoto walipita wakikimbia. Dada yangu na mimi tuliinama mpaka magoti yakalalamika. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yenyewe. Adui anayeingia hapo anaingia mmoja mmoja, kichwa mbele, mgongo umepinda, mkuki hawezi kuuinua. Mwenye nyumba anamsubiri ndani amesimama wima. Karibu na mlango mkuu kulikuwa na mahali palipoinuliwa pa mlinzi kuangalia nani anakuja.

Ndani sio uwanja mtupu. Kuna vijiboma vidogo vya ng'ombe na mbuzi, kuna mashimo ya duara yanayoonyesha nyumba zilikuwa wapi, kuna mawe ya kusagia nafaka, na kuna mahali palipofuliwa chuma. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata mifupa ya ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki na wanyama wa porini, kwa hiyo hata menyu tunaijua. Walipata pia shanga za kioo zilizotoka mbali. Hebu fikiria hiyo: shanga ambayo haikutengenezwa huku, imepita mikono mingi mpaka ikafika shingo ya mtu aliyeishi nyuma ya Macalder. Na bado kuna mtu anakuambia sisi tulikuwa tumekaa tu tukisubiri kugunduliwa.

Basi nani alijenga? Hapa ndipo stori inakuwa tamu, na ndipo watu wa nyumbani wanaanza kukasirika.

Watafiti, akiwemo Isaya Onjala ambaye amefanya kazi pale, wanatuambia kwamba Thimlich haikujengwa na kabila moja ikaisha hapo. Ujenzi unahusishwa kwanza na jamii za Kibantu zilizokuwa zinaishi huku. Baadaye Waluo walipokuja kutoka kaskazini na kusambaa Nyanza Kusini, walizikuta kuta. Wengine waliingia wakakaa, wakarekebisha palipoanguka, wakaongeza, wakajenga zao kwa ufundi uleule. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, na kila iliyoingia ilipanga mawe yake juu ya mawe ya waliotangulia. Ndiyo maana boma linaitwa Kochieng, kwa Dholuo safi, ilhali huenda aliyeweka jiwe la kwanza hakuwahi kusikia neno moja la Dholuo.

Na Thimlich haiko peke yake. Katika eneo hili la ziwa, watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya mawe katika sehemu zaidi ya 130. Mahali ambapo hakukuwa na mawe ya kutosha, watu walichimba mtaro na kuinua ukuta wa udongo, ile tunaita gunda bur. Thimlich ndiyo kubwa na iliyobaki vizuri kuliko zote.

Sasa nije kwetu. Mimi ni mtu wa Suna. Nimekua nikiongea Dholuo, nikiota Dholuo, nikitukanwa Dholuo. Lakini angalia majina ya wadi za Suna Magharibi: Wasweta, Wasimbete, Wiga. Wewe unayesoma Kiswahili, hiyo "wa" mwanzoni inakukumbusha nini? Watu, watoto, wageni. Ni kiambishi cha Kibantu kimekaa kwenye kadi yako ya kura na hujawahi kukiuliza jina. Halafu vuka uende Suna Mashariki, utapata wadi inaitwa God Jope, na god kwa Dholuo ni kilima. Majina mawili ya lugha mbili, dakika chache kwa boda. Mji wetu wenyewe umejengwa kama Thimlich, jiwe la huyu juu ya jiwe la yule.

Nilimuuliza Dani, mama ya baba yangu, kama alipokuwa msichana aliwahi kusikia wazee wakiongea lugha nyingine. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nyathina, wazee walikuwa na maneno yao. Sisi tuliyasikia, hatukuyachukua." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayekuambia mvua ya mwaka fulani haikunyesha.

Hivyo ndivyo lugha inavyokwisha, bila kelele. Suna ni sehemu ya kundi ambalo tunaliita Suba, pamoja na watu wa Rusinga, Mfangano, Gwassi, Kaksingri na Muhuru. Wengi wetu tulihamia Dholuo kizazi baada ya kizazi, kwa kuoana, kwa soko, kwa shule na kanisa. Olusuba yenyewe leo iko hatarini, ingawa Mfangano bado wanapigana nayo, hata kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayoitangaza. Tom Mboya mwenyewe, ambaye kaburi lake liko Rusinga na ambaye nchi nzima inamjua kama kiongozi Mluo, alikuwa mtoto wa Suba. Alikuwa vyote viwili na dunia haikuanguka.

Nasema haya kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu wimbo ni mmoja: nani alifika kwanza. Huyu ni mgeni, yule ni mwenyeji, ule ukoo uliwakuta hawa, hawa walipewa mahali pa kulala. Nimesikia vijana wa rika langu, watu wenye digrii, wakigombana kuhusu hiyo kwenye kituo cha boda mpaka wakashikana mashati. Na mimi nataka niwaulize hao wasee swali moja tu. Kama suala ni kufika kwanza, Thimlich ilipaswa kuanguka siku ile wa kwanza waliondoka. Kwa nini haikuanguka?

Haikuanguka kwa sababu wa pili walishika mawe.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwenye hii makala, na kama umechoka kusoma unaweza kuishia hapo. Ukuta usio na simiti unahitaji mtu wa kuurudishia jiwe linapotoka. Mvua inalegeza, mzizi unasukuma, ng'ombe anaegemea. Ukikaa muda mrefu bila mkono wa mtu, unaanza kuporomoka. Kama Thimlich imetufikia ikiwa imesimama, ni kwa sababu kila jamii iliyoingia iliona kazi ya watu waliotangulia kuwa ya maana kiasi cha kuitunza. Mgeni alirekebisha ukuta wa mwenyeji, na kwa kuurekebisha akawa mwenyeji.

Watu waliondoka lini? Polepole. Waingereza walipoweka utawala wao Nyanza Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, walileta machifu wao na kodi ya nyumba, wakazima vita vya koo kwa vita vyao wenyewe. Sababu ya kulala ndani ya ukuta ikapungua, watu wakatoka kutafuta mashamba. Desturi yenyewe ya kuishi kwenye maboma ya mawe iliendelea katika eneo hili mpaka katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo hatuongei kuhusu watu wa kale waliopotea. Tunaongea kuhusu babu za babu zetu.

Baada ya hapo kuta zilikaa bila mwenyewe na zikaanza kuporomoka. Serikali ilizitangaza kuwa mnara wa taifa mapema miaka ya 1980. Mwaka 2000 zikaingia kwenye orodha ya World Monuments Fund ya mahali palipo hatarini, na kazi ya kuzirekebisha ikapata msukumo. Kisha 2018, kwenye kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO ikaiweka Thimlich Ohinga kwenye Urithi wa Dunia. Yaani iko kwenye orodha moja na Fort Jesus, ambayo iliingia 2011. Tofauti ni kwamba Fort Jesus ina foleni ya mabasi ya shule, na siku tuliyoenda sisi Thimlich, tulikuwa familia peke yetu.

Na usidhani swali la mpwa wangu ni la watoto tu. Kule Great Zimbabwe, yenye kuta za mawe kubwa kuliko hizi, wakoloni walikataa miaka mingi kwamba Waafrika walijenga. Walisema labda Wafoinike, labda malkia wa Sheba, mtu yeyote ila wenyeji. Mwaka 1905 mchimbaji David Randall-MacIver alisema wazi ni kazi ya Waafrika, na 1929 Gertrude Caton-Thompson akathibitisha, lakini serikali ya walowezi iliendelea kubabaisha mpaka karibu uhuru wa 1980. Walijua wanachofanya. Ukimshawishi mtu kwamba babu yake hakuwahi kujenga kitu, hautahitaji kumfundisha kujidharau, atajifundisha mwenyewe. Huku kwetu hata nadharia kama hiyo haikuhitajika. Sisi tuliacha tu kupeleka watoto, na ukimya ukafanya kazi ileile.

Sasa wazazi, na maanko na maanti wenzangu, hii ndiyo mipango.

Nendeni asubuhi. Jua la Nyatike saa saba mchana halina huruma na hakuna kivuli cha kutosha. Kutoka Migori unapita njia ya Macalder. Kutoka Homa Bay unapita Rodi Kopany na Mirogi. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kutoka, hasa mvua ikiwa imenyesha, na ulizeni kiingilio cha watoto mapema. Bebeni maji kuliko mnavyodhani mtahitaji, na chakula, kwa sababu hapo sio Migori mjini, hakuna kibanda cha chipsi kila kona. Sisi tulibeba chapati na mayai ya kuchemsha. Viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ya miiba. Kofia. Msiguse utomvu wa bondo, na kama mtoto ameugusa asijipanguse macho.

Tembeeni na mtu wa pale wa kuwaongoza. Wetu alikuwa kijana mtaratibu anayejua kila jiwe, na alimjibu mpwa wangu maswali yote bila kumwambia anyamaze. Anzeni Kochieng, pale mtoto ana nguvu, kisha mzunguke maboma mengine polepole. Njia ni rahisi, hata Dani angeweza kama goti lake lingekubali.

Na jambo moja zito: msipande juu ya kuta. Najua picha ukiwa umekaa juu itapata watu wengi. Mimi mwenyewe nilitamani. Lakini jiwe moja likitoka, mengine yanafuata. Mpwa wangu alikuwa ameokota kajiwe kadogo chini ya ukuta, ameweka mfukoni aende nako nyumbani. Kijana wa kutuongoza alimwona, akachuchumaa, akamwambia, "Hii bado iko kazini." Mtoto akairudisha mwenyewe.

Tulirudi kwa Dani jioni. Mpwa wangu hakungoja hata kuoga. Alikusanya mawe nyuma ya jikoni akaanza kujenga: safu moja huku, safu nyingine kule, katikati vijiwe. Ukuta ulifika magotini, kuku wa Dani akarukia juu, ukaanguka. Nilidhani atalia. Akachuchumaa, akaanza tena, akiongea peke yake, kubwa chini, dogo kwenye shimo.

Dani alikuja akasimama mlangoni akamwangalia muda mrefu. "Unajenga nini?" akauliza.

"Ohinga."

"Nani alikufundisha?"

Akafikiria. "Watu wa zamani," akasema. "Lakini kuku wako ameharibu, so sasa narekebisha."

Dani akaenda, akarudi na jiwe moja, akampa.

Kama una mtoto, au mpwa, au mdogo wako ambaye bado anadhani kila kitu kikubwa kililetwa na mtu kutoka mbali, mpeleke Thimlich kabla ya likizo kuisha. Na akikuuliza nani alijenga, usimjibu haraka. Mwache kwanza apite kwenye ule mlango.